Roboti Inajua Programu, Lakini Mkono Unaanguka

Wasee wa Kitui na Makueni, tuambiane ukweli: klabu zetu za roboti zinapenda laptopu kuliko spana.

Tangu KICD ipitishe mtaala wa kuandika programu mwaka wa 2022, kila mtu anataka kuwa programa. Poa. Lakini roboti ikiinua mzigo kwenye mashindano halafu betri ikatike, mkono unashuka pwaa! Hapo programu haikusaidii.

Dawa ni womu gia: skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno. Skrubu ikiwa na uzi mmoja na gurudumu meno 40, mota inazunguka mara 40 ndio gurudumu limalize raundi moja. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Na uzi ukiwa na mlalo mdogo, mzigo hauwezi kuirudisha skrubu nyuma. Mkono unabaki pale pale.

Utasema inakula nguvu. Kweli, msuguano unameza nyingi, ndio maana grisi ni lazima. Kwa hivyo usiiweke kwa magurudumu ya kukimbia. Iweke kwa mkono.

Na usingoje vifaa vya ng'ambo. Mota ya waipa ya gari kuukuu ina womu gia ndani. Ifungue. Angalia vile shafti imeshikwa. Skrubu ikibeba mzigo hujisukuma kando, kama inataka kutoka. Isipozuiwa na beringi na boksi gumu, meno yanarukana. Ukichora giaboksi yako, anza na hapo. Sheria za shindano zikikataza hiyo mota, sawa, funzo halijakatazwa.

Kwetu hii si story ya medali tu. Ukambani maji ni kazi. Kisima cha kamba na mpini, ukiachilia mkono kidogo ndoo inarudi chini na mpini unakugonga. Ni shida ile ile ya mkono wa roboti. Mwanafunzi anayeweza kutengeneza giaboksi isiyorudi nyuma anaweza kumtengenezea susu winchi ya kisima.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kabla klabu iitishe pesa ya laptopu nyingine, inunue mota moja ya waipa, kisha iende jua kali, Wote ama Kitui mjini, ikae na fundi wa leith siku nzima. Huyo fundi ni mwalimu wa roboti, hata kama hakuna mtu amewahi kumwita hivyo.