Nani hajaalikwa kwenye mkeka wetu?

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, neema na dhiki hupokezana haraka. Mwamba ukitema, mbuzi huchinjwa na majirani hujaa uani. Duara likikauka, nyumba ile ile hukopa unga dukani. Ndiyo maana tumeona tuzungumze na familia zetu juu ya karamu ya usiku: ni ipi inayobaki moyoni mwa waliokula, na ni ipi inayobaki katika daftari la mwenye duka?

Katika Surat Adh-Dhariyat tunasimuliwa kuwa Nabii Ibrahim (a.s.) alifikiwa na wageni asiowajua. Aliitikia salamu yao, akaenda kwa ahali zake pasi na kuwatangazia, akarejea na ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao. Hakusubiri waombe, wala hakuwaacha wakifuate chakula kilipo. Huo ndio msingi wa ukarimu, na maskini pia anauweza.

Chakula cha heshima tunacho. Upo mchele wa majaruba yetu, sato wa Ziwa Victoria, kuku wa kienyeji, maziwa ya mgando na michembe iliyopikwa kwa karanga. Mgeni aliyetoka pwani atakumbuka michembe, ambayo kwao haipo, kuliko pilau anayoila katika kila harusi. Basi hapana haja ya kukopa.

Jambo zito zaidi ni orodha ya waalikwa. Mtume wetu (s.a.w.) alituonya juu ya karamu ya harusi wanayoitwa matajiri na kuachwa maskini, akakihesabu chakula chake kuwa kibaya. Machimbo ya Nyarugusu, Mgusu na kwingineko hukusanya vijana wa mikoa mingi, na wengi wao hawana shangazi wala mjomba wa kumbishia hodi. Tunapeana nao mikono msikitini baada ya Isha, kisha tunaagana: sisi kwenye sinia la familia, wao kwenye chumba cha kupanga. Siku kifusi kinapomwangukia mmoja wao ndipo tunapoulizana kwao ni wapi, na hakuna ajuaye.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kunaswa ardhini kwa siku 41. Ni wajibu wetu kumjua jirani kabla ya siku kama hizo.

Kwa hiyo tunashauri kila nyumba itenge usiku mmoja katika mwezi. Ialikwe familia moja mnayoizoea, pamoja na mtu mmoja asiye na jamaa mjini. Mikeka itandikwe, wa wanaume na wa wanawake. Watoto washike birika na beseni, wawanawishe wageni wakianza na mkubwa. Tukihofia uchache, tukumbuke mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa chakula cha wachache hakishindwi kumtosha anayeongezeka.

Baada ya kula, mwenye nyumba amuulize mgeni wake kwa upole: wazazi wako hai? Wako wapi? Akipata shida, nani apigiwe simu? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa. Nyumba iliyo na namba ya mama wa mchimbaji imemkirimu mgeni wake kweli.