TABORA TUNALIA JINA LA TIMU, LAKINI UWANJANI HATUKUWEPO

Leo nawagusa watu wa nyumbani kabisa, na najua nitatukanwa. Poa tu.

Kuna staa mmoja mzaliwa wa Tabora, jina kapuni. Analia kwenye ukurasa wake eti timu yetu imeuzwa, jina la mji limefutwa. Ni kweli, Tabora United sasa ni TRA United, timu ya Mamlaka ya Mapato. Lakini shuka chini kwenye picha zake. Jezi ya kijani na njano kuanzia Januari mpaka Desemba. Jezi ya Nyuki wa Tabora hata moja hamna. Sasa kaka, kinachokuuma ni nini hasa?

Tusidanganyane. Timu hii ilitoka Kilimanjaro ikiitwa Kitayosce, ikaja kwetu, ikabeba jina letu. Agosti 2023 mechi yao ya kwanza Ligi Kuu, dhidi ya Azam, waliingia wachezaji 8 tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Wakapigwa 4 na kipindi cha kwanza hakikuisha, maana waliumia wakabaki pungufu na refa akamaliza mpira. Nchi nzima ikacheka. Na sisi tukacheka nao! Msimu huo wakaponea kwenye mchujo, mbele ya Biashara United.

Msimu wa 2024/25 vijana wakabadilika. Novemba 7 wakaenda Chamazi wakampiga Yanga, bingwa mtetezi, 3-1. Haikupita siku kumi, kocha wa Yanga akaonyeshwa mlango. Mwisho wa msimu, nafasi ya tano. Ya tano, jamani! Timu ya Tabora!

Halafu Aprili 2025 Yanga wakaja Ali Hassan Mwinyi. Nilikuwepo. Watu wa Isevya, Ng'ambo, Kanyenye, nawajua kwa sura, wamejaa wamevaa kijani. Yanga wakashinda 3-0 na mji ukapiga honi kama tumeshinda sisi. Wale vigogo waliobanana jukwaa kuu siku ile, siku alipokuja KenGold hukuwaona. Mnajijua.

Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu begani kutoka huku mpaka Bagamoyo. Mzigo wa watu, faida ikabaki kwa wenye mali. Lakini wale walikuwa wanalipwa ujira wao! Sisi tunanunua jezi kwa hela yetu, tunabebea watu wa Kariakoo sifa bure, na tukifika tunashukuru.

Najua mtasema, "Ile timu haikuwa ya kwetu, ilihamia tu." Haya. Rhino Rangers je? Ilikuwa ya hapa hapa. Ilipanda Ligi Kuu 2013/14, ikakaa msimu mmoja, ikashuka. Msimu ule ule Mbeya City nao walikuwa wageni kwenye ligi. Wakamaliza nafasi ya tatu! Watu wa Mbeya walikuwa wanapanda mabasi kuifuata timu yao mikoani. Sisi hata bodaboda ya kwenda uwanjani inatushinda.

Mtasema tena hela hakuna. Hela ya jezi ya Simba umeitoa wapi? Ya kubeti kila wikiendi je?

Simkatazi mtu kuipenda Yanga wala Simba. Mama yangu mwenyewe ni Simba wa kulia machozi. Ila penda nyumbani kwanza. Timu inaishi kwa tiketi, kwa jezi, kwa kelele za watu wake. Tungejaza uwanja kila wiki, nani angethubutu kuligusa jina la Tabora? Anayekuja na hela angeogopa kelele zetu. Amekuta kimya, akaweka jina lake. Mimi simlaumu.

Na wewe staa, kabla hujaandika "timu yetu" tena, nunua tiketi moja. Moja tu. Siku anapokuja mgeni asiye na jina, siyo siku ya Yanga. Piga picha ukiwa jukwaani, hata kama jezi imeandikwa TRA. Vijana wanaokimbia pale bado wanaamka Tabora, wanakula Tabora.

Haya, toeni povu hapo chini. Ila anayetoa povu aanze kwa kutaja mechi ya mwisho aliyolipa kiingilio Ali Hassan Mwinyi, tofauti na ya Simba na Yanga. Nasubiri.