UFUNDI PEKE YAKE HAUMLINDI MTU



Katika kila kiwanda yuko asemaye: "Mimi fundi hodari, chama ni cha wavivu." Maneno hayo hayasemwi na sisi wa mashine tu. Wako wanawake wa sayansi, wenye digrii kubwa, wasemao vivyo hivyo wakiulizwa juu ya kupigania haki za wanawake. Hunena kwamba sayansi haijui mume wala mke. Fanya kazi vizuri, utapata haki yako. Sisi twasema wanajidanganya.

Tazameni mambo ya Bibi Nancy Hopkins, aliyekuwa profesa wa elimu ya viumbe katika chuo cha MIT, Marekani. Kwa miaka mingi naye aliamini kwamba harakati za wanawake hazimhusu. Mwaka 1993 aliomba nafasi ya futi za mraba 200 aongeze matangi ya samaki wa utafiti wake. Akanyimwa. Basi akashika utepe, akapima maabara moja moja. Akakuta yeye ana futi 1,500, na wanaume walioingia kazini nyuma yake wana 2,000!

Akaandika barua ya malalamiko. Alipomwonyesha mwanamke mwenzake, aliogopa kudharauliwa. Kumbe yule naye ana donda lile lile, akataka kutia sahihi. Wakawaendea wengine. Mwaka 1994 wanawake 16 walimwandikia mkuu wao wa sayansi kwa sauti moja. Hesabu zikafanywa. Mwaka 1999 ripoti ilitolewa: wanawake walipunjwa mishahara, nafasi na vifaa. Rais wa chuo, Charles Vest, alikiri mbele ya watu wote kwamba jambo hilo ni kweli.

Ripoti hiyo ilisema neno jingine la kuogofya. Kila kizazi cha wanawake vijana kilianza kazi kikiamini kwamba ubaguzi ulikwisha zamani za wakubwa wao. Miaka ikapita ndipo wakafumbuka macho, kila mmoja peke yake, akidhani kosa ni lake.

Hatuwacheki wanaonyamaza. Mwanamke mmoja kati ya wanaume kumi huogopa kuitwa mlalamishi, na kazi yake isihesabiwe tena. Lakini hofu hiyo ni fimbo ya mwajiri, naye hupiga kwa fimbo hiyo bila kuinua mkono.

Na ninyi wanaume wa chama, msijifanye hamsikii. Mwenzako akilipwa kidogo kwa kazi ile ile, kesho mwajiri atakuuliza kwa nini wewe unataka zaidi.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa tawi, leteni karatasi za mishahara, za wanawake na za wanaume, tuzilinganishe mezani. Aliyepima haambiwi kwamba anaota.

Umoja ni nguvu!