TAHARIRI: Anayeishi na VVU Asiachwe Peke Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Aliyeumba maradhi na Akaumba dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, si muda mrefu uliopita tulimzika ndugu yetu mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Hatutamtaja jina wala mtaa, kwani sitara ya Mwislamu haikomi kwa kufa kwake. Baada ya maziko familia yake ilitueleza tuliyokuwa hatuyajui. Marehemu alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya miaka 10. Dawa alikuwa akizifuata katika wilaya nyingine, ili asionekane na watu wa msikitini kwake. Nauli ilipomshinda akaanza kukosa kliniki. Mwishowe mtu mmoja aliyemsomea kisomo akamwambia kuwa amekwisha kupona, na vidonge havina kazi tena. Akaviacha. Mwaka haukutimia.

Siku ya kumuosha, minong'ono ilikuwa imekwisha tangulia. Wale ambao kwa kawaida hugombea thawabu za kuosha maiti wakawa wanatazamana. Nasi tunaoandika safu hii, tuliokaa naye darsa baada ya darsa, hatuna la kujitetea. Alikuwa nasi mara tano kwa siku, na hakumpata miongoni mwetu hata mtu mmoja wa kumwambia siri yake. Ndiyo maana mwezi huu tumeona ni wajibu kulizungumza jambo hili bila ya kulizungushia maneno.

La kwanza kulijua ni kwamba maradhi haya leo si yale tuliyoyasikia tulipokuwa wadogo. Wagonjwa wa mwanzo hapa nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda wa miaka 20 hivi kupata virusi kulikuwa ni kungoja kifo. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila ya malipo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila aliyepimwa na kukutwa na virusi aanzishiwe dawa, bila ya kusubiri kinga yake ishuke. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi wamehamishiwa kwenye mchanganyiko mpya wa dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, kinachomezwa mara moja kwa siku. Mwenye kuzimeza ipasavyo hufanya kazi, hulea watoto, huzeeka na kuona wajukuu.

Kuna zaidi ya hilo. Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2016 na 2019 ziliwafuatilia wenza ambao mmoja wao ana virusi na mwingine hana. Pale ambapo dawa zilikuwa zimefubaza virusi hadi kutoonekana katika kipimo, halikupatikana hata tukio moja la mwenza kumuambukiza mwenziwe. Na mama mjamzito mwenye virusi, ambaye bila ya dawa watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa, akitumia dawa katika mimba na kunyonyesha idadi hiyo hushuka chini ya 5. Basi dawa hizi humhifadhi anayezimeza, na humhifadhi mkewe, mumewe na mtoto wake. Wanazuoni wetu wameihesabu hifadhi ya nafsi na hifadhi ya kizazi miongoni mwa makusudio makuu ya sheria. Hapa zimekutana zote mbili ndani ya kidonge kimoja.

Kama hali ndiyo hii, kwa nini bado tunazika? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 unatupa jibu. Katika kila watu wazima 100 wanaoishi na virusi nchini, takriban 83 ndio waliokuwa wakijua hali zao. Katika kila 100 waliojua, 98 walikuwa katika dawa. Na katika kila 100 walio katika dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Zingatia vyema hesabu hii, ndugu msomaji. Anayejua hupata dawa, na anayepata dawa kwa kawaida humfaa. Panapovuja zaidi ni mwanzoni kabisa, kwa mtu anayeogopa kupima kwa kuogopa macho ya watu. Kisha panavuja kwa yule aliyeanza dawa akachoka kujificha. Na macho yanayoogopwa ni ya nani, kama si yetu sisi majirani, jamaa na wanajamaa wa msikiti?

Wako watakaosema kuwa kulizungumza jambo hili msikitini ni kuipamba zinaa. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Zinaa ni haramu na itabaki kuwa haramu, na mimbari yetu haitaacha kuikemea. Lakini ni nani aliyewaambia kuwa kila mwenye virusi ni mzinifu? Yupo mke aliyetulia nyumbani kwake akaletewa maradhi na mumewe. Yupo kijana aliyezaliwa nayo, ambaye hata kusimama kwenye safu hajajua ila akiwa nayo. Kumtuhumu mtu kama huyu ni buhtani, na Allah (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana katika aya moja.

Na hata tukiwa na yakini kuwa mtu alikosea, je, mlango wa toba tumekabidhiwa sisi ufunguo wake? Imamu Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume (S.A.W.) alimkataza, na akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini udugu haukukatwa. Sisi tunakata udugu kwa mtu ambaye hata kosa lake hatulijui.

Wako pia wanaosema kuwa dua inatosha, na kwamba kushikamana na vidonge ni upungufu wa tawakkul. Hili nalo halina msingi. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, aliwaamrisha watafute, akawajulisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Sayyidna Umar (R.A.), aliporejea njiani kutoka Sham kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, akajibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Ruqya ni haki, na Qur'ani ni ponyo. Sisi tunasoma na tutaendelea kusoma. Lakini msomaji anayemwambia mgonjwa aache dawa amesema jambo asilokuwa na elimu nalo, na anabeba dhamana ya nafsi ile. Tuliona mwaka 2011 jinsi maelfu walivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wengine wakaacha vidonge vyao. Tusiwacheke wale, ilhali kwetu yanafanyika yale yale kwa jina la habbat sauda na asali. Habbat sauda itumike, lakini isichukue nafasi ya dawa, na mhudumu wa kliniki aambiwe kila kinachotumika.

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe, kwani mwenye kujua sababu ya jambo hulishika kuliko aliyeamrishwa tu. Virusi hivi haviondoki mwilini. Hujificha ndani ya chembe na kulala. Dawa huvizuia visizaliane. Mtu akiacha, hata kama anajiona ni mzima kabisa, huamka na kuongezeka. Na anayemeza leo akaacha kesho huvipa virusi nafasi ya kuwa sugu, dawa ile ikashindwa kumsaidia tena. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi. Afya ya macho haitoshi kuwa dalili. Aidha, vidonge vya madini ya chuma, vya chokaa, na baadhi ya dawa za kiungulia hupunguza nguvu ya dawa vikimezwa pamoja bila ya utaratibu, basi mtu amuulize mhudumu wake saa za kuvitenganisha.

Kuhusu Ramadhani, wengi huacha dawa kwa kudhani kuwa zinagongana na swaumu. Kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kumezwa usiku, baada ya kufuturu au wakati wa daku, kwa saa ile ile kila siku. Mwenye kutaka kubadili saa aende kliniki mapema, katika Shaabani. Na aliye dhaifu, au mwenye maradhi mengine kama kifua kikuu, asikilize ushauri wa daktari, kwani Allah (S.W.) amempa mgonjwa rukhsa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kuichukua rukhsa si aibu.

Elimu hii daktari anaweza kuisema kwa dakika tano. Lakini anayeifanya ikae moyoni ni mtu aliyepitia njia ile ile. Kwa Waganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alikutana na wenzake wachache wakaanzisha TASO, jumuiya iliyowafunza wengi kuwa mgonjwa humliwaza mgonjwa. Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya nchi hiyo hiyo iliwafunza maimamu na wasaidizi wao kwenda nyumba kwa nyumba, na mwaka 1998 shirika la UNAIDS likaitangaza kazi hiyo kuwa mfano wa kuigwa. Huko Cape Town, mwaka 2000, Waislamu wenzetu waliunda jumuiya ya kuwaauni Waislamu wanaoishi na virusi. Na hapa kwetu, katika kliniki za tiba na matunzo, tumewazoea WAVIU washauri: watu wanaoishi na virusi ambao humpokea mgeni siku ya majibu, humsindikiza, na humfuata mtoro nyumbani kwake kwa heshima.

Lakini kazi hii kwa miaka mingi imesimama kwa fedha za wageni. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, katika nchi nyingi walioguswa mapema ni hawa hawa wahudumu wa jamii. Ni fundisho kwetu. Umma unaosoma kuwa waumini ni mfano wa mwili mmoja haupaswi kungojea mgeni awatembelee wagonjwa wake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati za misikiti mambo yafuatayo.

Kwanza, kila msikiti uteue mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, waaminifu, wasiopenda maneno, wapate mafunzo katika kituo cha afya kilicho karibu. Majina yao yatangazwe, ili mwenye shida ajue pa kwenda. Orodha ya wanaowaendea isiandikwe popote. Siri ni amana. Na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inailinda siri hiyo na kukataza unyanyapaa.

Pili, wale wanaoishi na virusi, wakiridhia wenyewe, wakutanishwe kwa jina lisilowafichua, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. Watu watano wanaokumbushana saa ya kidonge na siku ya kliniki wana faida kuliko mawaidha hamsini.

Tatu, sehemu ya sadaka itengwe kwa nauli ya kliniki na chakula cha mgonjwa, bila ya kuuliza maradhi yake yalitoka wapi.

Nne, wanaofungisha ndoa wawahimize wachumba kupima kabla ya posa kukamilika. Mwenye virusi hakukatazwa kuoa wala kuolewa, lakini kumficha mchumba ni ghushi. Sitara ni mbele ya watu. Haiwi ngao ya kumdhuru mwenza.

Tano, waosha maiti wafunzwe kutumia glavu kwa kila maiti bila ya kubagua, ili asiwepo atakayejulikana kwa namna alivyooshwa.

Ndugu Waislamu, huenda Ijumaa hii, bega lililogusana na bega lako katika safu ni la mtu aliyebeba siri hii. Anasikiliza khutba kuona kama ana mahali pa kukimbilia. Akisikia kejeli, atakwenda kujificha mbali kama alivyokwenda marehemu wetu. Akisikia rehema, huenda baada ya swala akabaki, akamsubiri imamu watu wapungue. Tuhakikishe anayemsubiri anajua la kumjibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu ndugu yetu, atusamehe uzembe wetu juu yake, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa sitara na msaada kwa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.