Rafiki Anazungumza kwa Lafudhi Gani?



Siku hizi mchezo wa video hauhitaji tena nyumba yenye umeme wala mashine ya bei kubwa. Simu moja, kibanda kimoja cha kuchaji kwa nguvu ya jua, na vijana watano walioinamia kioo kidogo: ndivyo michezo hiyo ilivyotufikia huku kwetu, kati ya Masisi na Walikale. Wazee wengi wakiyaona hayo huuliza swali moja tu: je, mchezo huu haumpotezei kijana muda wake? Swali hilo ni halali. Lakini sisi tulio katika kazi ya kufundisha tungependa kuliweka jingine kando yake: katika mchezo huo, rafiki anazungumza kwa sauti ya nani, na adui kwa sauti ya nani?

Tunaposema rafiki, tunamkusudia mhusika wa aina maalumu. Katika michezo mingi yenye hadithi, mchezaji hatembei peke yake. Hupewa mwenzi wa safari, anayeongozwa na kompyuta, ambaye humwonya, humtania, humtibu jeraha na kumngojea mlangoni. Macho ya mchezaji yanatazama njia na hatari, kwa hiyo mwenzi huyo haonekani sana, ila husikika daima. Urafiki wake karibu wote umo katika sauti. Sauti ikiwa butu, mwenzi huwa mzigo wa kukokotwa. Sauti ikiwa hai, mchezaji atarudi nyuma kumtafuta akiachwa, ingawa anajua vema kwamba huyo ni picha tu.

Kuipata sauti hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi mwigizaji huwekwa peke yake chumbani, mbele ya maikrofoni, akapewa orodha ya maneno yaliyokatwakatwa: «Angalia nyuma!», «Niko hapa», «Tumefika». Hana mwenzake wa kumjibu, na maneno hayafuati mpangilio wa hadithi. Asipoelezwa anamwambia nani, mahali gani, na kwa hofu gani, atasoma kama mwanafunzi asomaye somo asilolielewa. Tena neno lile lile la kuonya litasikika mara nyingi sana katika mchezo mmoja; likirekodiwa kwa namna moja tu, sikio hulichoka kabla ya jioni. Ndiyo maana watengenezaji makini hulirekodi kwa namna nyingi: kwa kunong'ona, kwa kukimbia, kwa maumivu, kwa kicheko.

Mifano ipo. Katika Half-Life 2, mchezo wa mwaka 2004, shujaa mwenyewe hasemi neno hata moja, na utu wote wa safari hiyo umebebwa na mwenzake, Alyx Vance, aliyepewa sauti na mwigizaji Merle Dandridge. Katika The Last of Us wa mwaka 2013, Ashley Johnson na Troy Baker waliigiza pamoja, wakitazamana, wala hawakuachwa kila mmoja na karatasi yake. Katika God of War wa mwaka 2018, baba humwita mwanawe kwa neno moja la Kiingereza, lenye maana ya «mtoto wa kiume», tangu mwanzo wa safari. Na Christopher Judge, mwenye sauti hiyo, hulitamka mara kwa hasira, mara kwa woga, mara kwa upendo asioweza kuukiri. Michezo hii ni ya watu wazima na ina damu nyingi. Hatuitaji ili mkaitafute, bali kwa sababu inaonyesha kwamba sauti njema ya mwenzi haihitaji maneno mengi. Inahitaji mtu anayemwambia mtu.

Sasa tugeukie Kiswahili. Lugha yetu imewahi kuingia katika michezo mikubwa ya dunia, na milango miwili iliyoingilia ni ya kufikirisha. Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 2005, katika mchezo uitwao Civilization IV. Mtunzi wa muziki Christopher Tin aliiweka Sala ya Bwana kwa Kiswahili katika wimbo wa kufungulia mchezo, «Baba Yetu», na kwaya ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, ikauimba. Mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kuipata. Ni heshima ambayo hatuna budi kuifurahia.

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 2009. Kampuni ya Kijapani Capcom ilitoa Resident Evil 5, mchezo unaotokea katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, ambao hadithi inauweka Afrika ya Magharibi. Wenyeji wa mji huo wameingiwa na vimelea na kugeuka wauaji. Nao wanaitwa Majini. Wanapomkimbilia mchezaji na mapanga, hupiga kelele kwa Kiswahili, ingawa Afrika ya Magharibi si nchi ya Waswahili. Mwenzi wa safari yupo pia: ni Sheva Alomar, mwanamke Mwafrika, jasiri na mwaminifu, aliyepewa sauti na Karen Dyer. Yeye huzungumza na mwenzake Mmarekani kwa Kiingereza.

Mchezo huo ulilalamikiwa sana kwa sababu ya picha zake, hata kabla haujatoka. Sisi twataka kusema juu ya sikio. Mtu atatujibu kwamba watengenezaji hawakuwa na nia mbaya: wanunuzi wengi wanaelewa Kiingereza, basi mwenzi azungumze Kiingereza, na kelele za adui hazihitaji kueleweka. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini sikio halijui nia ya mfanyabiashara. Kijana wa mbali aliyecheza kwa saa ishirini amejifunza, bila kufundishwa, kwamba lugha hii ikisikika ni lazima kuinua bunduki, na lugha ile ikisikika ni lazima kusogea karibu. Kati ya sala na mayowe, Kiswahili hakikupewa nafasi ya mazungumzo ya njiani, yale ya kuulizana hali na kugawana maji.

Na jambo hili lina uchungu wa pekee kwetu. Koltani huchimbwa Rubaya, katika Masisi, na kasiteriti huchimbwa Bisie, katika Walikale. Tantali itokayo katika koltani hutunza umeme ndani ya vipande vidogo vya simu na vya mashine za michezo. Bati litokalo katika kasiteriti huviunganisha vipande hivyo. Madini ya udongo wetu yamo katika mashine za dunia. Sauti zetu ni nadra kusikika humo, na zikisikika ni kama tulivyoeleza.

Lakini tusimlaumu Mjapani peke yake. Je, sisi wenyewe tunagawaje sauti? Katika michezo ya kuigiza ya vijana wetu, siku ya Noeli au ya kufunga shule, mwizi hupewa lafudhi gani? Mjinga je? Askari mkatili je? Kila mmoja wetu anajua kwamba hapa petu Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu na Mtutsi wanakutana katika Kiswahili kimoja, na kila mmoja hubeba humo mwangwi wa lugha ya mama yake. Kila mmoja anajua pia kwamba mwangwi huo umewahi kuwa kitambulisho barabarani: mtu ametamka neno moja, na wengine wameamua kama ni ndugu au ni adui. Lafudhi inayochekwa jukwaani mwezi wa Desemba inaweza kuogopwa kizuizini mwezi wa Februari. Anayegawa sauti za hadithi anafundisha sikio la watu nani wa kuaminiwa. Hilo ndilo neno tunalotaka mbaki nalo.

Tena sauti ya mwenzi ina nguvu ya kupotosha. Wanaowachukua vijana kwenda msituni hawaanzi kwa amri. Huanza kwa sauti ya rafiki: «Twende, ndugu yangu, mimi nitakuwa nawe.» Kijana aliyezoeza sikio lake kupima sauti atajiuliza: huyu ananiambia mimi, au anasoma orodha aliyowasomea wengine kabla yangu? Mwenzi wa kweli husubiri jibu. Yule mwingine ana haraka.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ya sauti si yetu, ni ya wenye mitambo. Historia yakataa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio «Twende na Wakati», na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliyekuwa sauti tu, akawafanya watu wazungumze majumbani mwao juu ya UKIMWI. Wasimulizi wa filamu, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wamejaza vibanda vya video kwa sauti ya mtu mmoja. Wengine watasema kwamba kompyuta sasa inaweza kutunga sauti yoyote. Ni kweli, na ndiyo sababu waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA, Marekani, waligoma kufanya kazi za michezo ya video kuanzia tarehe 26 Julai 2024 hadi Juni 2025: walidai sauti zao zisinakiliwe na mashine bila ridhaa wala malipo. Kama wao waliiona sauti kuwa mali ya kulindwa kiasi hicho, ninyi msiitoe yenu ovyo kwa kila anayeomba kuirekodi.

Basi tunapendekeza kazi tatu, ambazo kila kikundi chaweza kuzifanya kwa simu moja.

Kwanza, kila kijana arekodi neno «Nisubiri» kwa namna tano: kwa mama, kwa rafiki, kwa mtu anayemwogopa, kwa mtoto aliyepotea, na kwa mtu asiyetaka kusubiri. Wengine wasikilize bila kumtazama, wakisie anamwambia nani. Wasipoweza kukisia, arudie.

Pili, wawili watunge mazungumzo mafupi ya safari, tuseme ya kwenda sokoni wakati wa mvua, tope likiwa hadi magotini, na mmoja ameumia mguu. Wasisome kila mmoja peke yake; waketi wakitazamana. Na wajifunze kunyamaza: mwenzi anayesema kila dakika huchosha kuliko njia yenyewe.

Tatu, na hii ndiyo nzito: nafasi ya mwenzi mwaminifu apewe kijana ambaye lafudhi yake huchekwa katika kikundi, naye asiibadili. Nafasi ya adui isomwe kwa lafudhi ya walio wengi. Kisha sikilizeni pamoja yaliyorekodiwa, na kila mmoja aseme alijisikiaje. Baadhi watacheka mwanzoni. Waacheni wacheke, kisha rudieni kusikiliza.

Huenda siku moja mmoja wenu atatengeneza mchezo ambao mwenzi wa safari atazungumza Kiswahili cha Mpofi, na kijana wa Tokyo au wa Chicago atarudi nyuma kumtafuta akiachwa. Tungeifurahia siku hiyo. Kabla haijafika, kazi iliyo mbele yetu ni ya karibu zaidi: kijana wa Nyanga amsikie kijana wa Hunde akisema «niko hapa», na amwamini.