Wasituletee wageni tusiowaalika

Mwezi uliopita binamu yangu, kwa nia njema kabisa, alisambaza kiungo cha ramani ya nyumba yangu huku ughaibuni ili watu waje kwenye msiba wa mama. Rambirambi nilizipata. Usingizi sikuupata.

Kiungo kile kilikuwa na alama 9 za Geohash, mfumo uliobuniwa na Gustavo Niemeyer mwaka 2008, unaogeuza latitudo na longitudo kuwa herufi na tarakimu chache. Alama 9 zinamfikisha mtu mlangoni, pakosewe mita 5 hivi. Lakini ukikata 4 za mwisho, anabaki na mraba wa kilomita 5 hivi kila upande, atafute mwenyewe!

Ndugu zangu, anayekuja kweli mtumieni zote, yeye peke yake. Kundi zima, tano zinatosha.