Nuru Haipimwi kwa Namba Tupu

Ndugu zetu mliotutangulia katika shule hii, natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, yaani kugeuza vipimo vya zamani vya mwanga kuwa vipimo vya siku hizi.

Muhula uliopita wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walilalamika kwamba katika safu za nyuma za ukumbi wa kusomea usiku hawaoni sawasawa maandishi ya penseli. Tuliazima kipima-mwanga, tukakiweka juu ya meza zao, kikaonyesha 90. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba taa zaidi, nami niliandika “90” tu, bila kutaja ni 90 ya nini. Jibu likaja upesi: kitabu cha fizikia kilichomo maktabani mwetu chasema meza ya kusomea yahitaji 20, nanyi mnazo 90; basi mnalalamika nini? Tukanyamaza, na wadogo zetu wakaendelea kuinamia vitabu.

Kumbe kitabu kile ni cha zamani, na 20 yake ni ya mishumaa-futi, kipimo cha Waingereza. Kipima-mwanga chetu kilihesabu kwa luksi. Tulikuwa tukilinganisha pishi na kibaba kwa kuwa vyote viwili hupimia nafaka!

Hesabu yenyewe si ngumu. Mshumaa-futi mmoja ni mwanga wa lumeni moja ulioenea juu ya futi moja ya mraba. Luksi moja ni lumeni ile ile iliyoenea juu ya mita moja ya mraba. Mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.764, kwa hiyo mshumaa-futi mmoja ni luksi 10.764. Basi 20 ya kitabu ni luksi 215. Na 90 yetu, ukiigawa kwa 10.764, ni mishumaa-futi 8.4 tu. Wadogo zetu hawakuwa na mwanga mara nne ya uliotakiwa. Walikuwa na pungufu ya nusu. Tena kanuni ya Ulaya ya mwaka 2011 ilitaka luksi 300 darasani, na luksi 500 katika madarasa ya jioni. Sisemi kwamba mwanga hafifu huwapofusha watoto, lakini huwachosha, na aliyechoka hasomi.

Wako wenzangu wanaosema dawa ni kuvitupa vitabu vya zamani. Mimi sikubali. Vingi vililetwa na wazee waliosoma hapa, na fizikia iliyomo ni ya kweli. Kilichozeeka ni kipimo tu. Tena asiyejua habari za vipimo hivyo hawezi kufahamu kandela ilitoka wapi. Mwaka 1860 sheria ya gesi ya London ilitaja mshumaa wa mafuta ya nyangumi, sita kwa ratili, unaoungua kiasi cha gramu 7.8 kwa saa. Wajerumani walikuwa na taa ya Hefner, na Wafaransa taa ya Carcel, kila taifa na moto wake. Mwaka 1948 mataifa yalikubaliana juu ya kandela, iliyopimwa kwa nuru ya platini inapoganda. Na mwaka 1979 ikaelezwa upya kwa nguvu ya mnururisho, bila kutegemea moto wa mtu ye yote.

Wengine husema, mashine itatugeuzia. Lakini chombo kile kile tulichoazima kina kitufe cha kuchagua luksi au mishumaa-futi. Asiyejua tofauti hukibonyeza bila kufikiri, akapata namba nzuri yenye maana ya uongo.

Nawaonya pia wenzangu wanaopenda njia ya mkato: 10.764 si ufunguo wa kila mlango. Mshumaa wa zamani uliokubaliwa mwaka 1909 na Uingereza, Ufaransa na Marekani ni kandela 1.02 hivi, karibu sawa kabisa. Na lamberti-futi, inayopima mng’ao wa uso wa kitu, ni kandela 3.426 kwa mita ya mraba, kwa kuwa ndani yake mna pai. Kwanza uliza kinachopimwa ni nini: nguvu ya taa, mwanga ulioangukia meza, au mng’ao wa karatasi. Ndipo uchukue kalamu.

Basi natoa shauri la mambo matatu. Kwanza, kila kitabu cha zamani cha fizikia maktabani kibandikwe ndani ya jalada karatasi ndogo yenye namba hizo tatu. Pili, katika maabara namba isiyo na kipimo ihesabiwe kuwa kosa, hata kama ni sahihi. Tatu, ninyi mliomaliza, mkitaka kutusaidia kwa taa, msituandikie “balbu ya sitini”. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na taa ya LED ya siku hizi hutoa kiasi hicho kwa wati 9 hivi. Tuandikieni lumeni, nasi tutajua tumepata nini.

Barua ya pili nimekwisha kuipeleka. Safari hii nimeandika: “Tunazo luksi 90, kitabu chetu chataka luksi 215.” Jibu bado twalingoja. Lakini wadogo zangu walingoja muhula mzima kwa sababu ya neno moja nililoliacha, na hilo sitalisahau. Mali bila daftari huisha bila habari; na daftari lisilo na kipimo ni kama halipo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita